Harufu mbaya ya kinywa: maswali yanayoulizwa sana na majibu yake

Swali hili aghalabu huja limevaa nguo za mtu mwengine: "Nina rafiki yangu ananuka mdomo, afanyeje?" Hapana neno, rafiki huyo naye atapata jibu lake hapa. Majibu haya kaandikiwa mtu wa Unguja na Pemba, mwenye mswaki, kijiko na chumvi ndani ya nyumba, na ambaye pengine hajapata kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno ila siku ya kung'olewa gego.

Nitajuaje kama mdomo wangu unanuka?

Pua huizoea harufu ya mwenyewe, ndiyo maana mwenye tatizo huwa wa mwisho kulijua. Kupuliza kiganjani ukanusa hakukupi jibu la kutegemea. Tumia kijiko. Chukua kijiko cha chai kilicho safi, kifudikize, kipeleke nyuma ya ulimi kadiri unavyoweza kustahamili, kisha kivute mbele taratibu, mara moja tu. Kitazame kwenye mwanga. Ukiona kimebeba utando mzito mweupe au wa manjano, ngoja kidogo kisha unuse. Hiyo ndiyo harufu anayoipata mtu anayezungumza nawe kwa karibu. Usifanye hivyo mara tu ulipoamka, wala ukitoka kula pweza Forodhani. Saa nane mchana hivi ni wakati mzuri, mdomo ukiwa katika hali yake ya kila siku.

Njia nyengine ni kulamba mkono kwa ndani, juu kidogo ya kiganja, ukangoja kama sekunde kumi mate yakauke, ukanusa. Au pitisha uzi wa meno kati ya magego ya nyuma na unuse uzi wenyewe.

Iliyo bora kuliko zote ni kuuliza. Kama huwezi kumuuliza mkubwa mwenzako, muulize mtoto wa miaka sita saba wa humo ndani. Hana haya, wala hana sababu ya kukuficha.

Harufu hii si inatoka tumboni?

Mara chache sana. Wengi wetu tumekuzwa na kauli kwamba mdomo ukinuka tumbo ni chafu, basi mtu hukimbilia sanamaki, akaharisha siku mbili, na harufu ikabaki pale pale. Katika kila watu kumi wenye tatizo hili, wanane hadi tisa chanzo chao kimo humo humo kinywani: ulimi, fizi, meno mabovu.

Kinachotokea ni hivi. Ndani ya kinywa mna bakteria wengi wasiopenda hewa, wanaojificha nyuma ya ulimi na chini ya fizi. Hula mabaki ya chakula, seli zilizokufa na protini zilizomo kwenye mate, na wakishakula hutoa gesi zenye salfa. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Tumbo halihusiki, kwa sababu njia ya chakula hufungika wakati humezi kitu. Wenye kiungulia kikali wanaweza kupata harufu kutoka chini, lakini hao huwa na dalili nyengine: kifua kuwaka moto, maji machungu kupanda kooni, kikohozi usiku.

Mbona asubuhi kila mtu hunuka?

Kwa sababu usiku mate hupungua. Kinywa hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku nzima, mengi yake mchana, na mate ndiyo yanayosuuza. Ukilala yanakauka, na anayelala mdomo wazi ndiye hukaukwa zaidi. Harufu ya asubuhi inayoondoka kwa mswaki na chai si ugonjwa.

Napiga mswaki kila siku, na bado. Kwa nini?

Hapa ndipo penye kazi. Watu wengi hupiga mswaki kwa haraka, meno ya mbele tu, yale yanayoonekana wakicheka, na mara moja kwa siku, asubuhi. Usiku wanalala na pilau.

Mswaki uwe laini. Mgumu hausafishi zaidi, unachubua fizi. Ulaze kidogo, nyuzi zielekee pale jino linapokutana na ufizi, kisha utikise kwa mwendo mfupi mfupi, meno mawili matatu kwa pamoja, nje, ndani, halafu juu ya magego. Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, nyuma ya mdomo wa chini, pale ulimi unapogusa. Pitisha ncha yake huko sasa hivi: ukihisi kitu kigumu chenye kukwaruza kama chokaa iliyoshikamana na jino, huo ni ukoga uliokwisha kuwa jiwe, na mswaki hauutoi tena.

Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Cha usiku ndicho muhimu zaidi. Ukilazimika kuacha kimoja, acha cha asubuhi (lakini usiache). Dawa ya meno iwe na floraidi, na kwenye boksi tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, maana unaiosha floraidi kabla haijafanya kazi. Badilisha mswaki kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi nyuzi zikishatawanyika. Na mswaki mmoja ni wa mtu mmoja, hata kama mnapendana.

Halafu katikati ya meno. Mswaki haufiki huko. Nyama ya mishkaki, nyuzi za embe, machicha ya nazi, vyote hukwama, na kesho yake vimeoza. Uzi wa meno hupatikana kwenye maduka ya dawa mjini. Unaupitisha kati ya jino na jino, unaukumbatisha ubavu wa jino moja, unapandisha na kushusha, kisha jino la pili. Siku za mwanzo damu itatoka. Endelea, maana kwa wengi hukoma ndani ya wiki moja au mbili. Njiti ya kuchokolea hutoa nyama kubwa tu, na ukiizoea sana inaumiza ufizi.

Ulimi nitausafishaje bila ya kutapika?

Kifaa maalumu cha kukwangulia ulimi kipo, lakini kijiko kinatosha. Toa ulimi nje kabisa, toa pumzi nje taratibu, na wakati unaitoa vuta kijiko kutoka nyuma kuja mbele. Suuza kijiko, rudia mara tatu nne. Kuitoa pumzi hupunguza kichefuchefu, na baada ya wiki koo huzoea. Usikwangue kwa nguvu hadi ulimi ukawa mwekundu na kuuma. Asubuhi kabla ya kula panatosha.

Kama ungeniuliza nifanye jambo gani moja tu kati ya yote yaliyomo kwenye ukurasa huu, ningesema hili. Wengi husafisha meno thelathini na mbili wakauacha ulimi, na nusu ya harufu yao imelala hapo.

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Niache?

Usiache. Damu ni dalili kwamba fizi zimevimba kwa sababu ya utando uliokaa pale, na ukiacha kusafisha utando unazidi. Safisha kwa upole lakini kila siku. Ikiwa umepita mwezi na damu ingali inatoka, au fizi zimerudi nyuma meno yakaonekana marefu, au jino linatikisika, au ukibonyeza ufizi unatoka usaha, basi ugonjwa umeshuka chini ya ufizi. Huko hakuna dawa ya meno inayofika. Unahitaji kukwanguliwa ukoga na mtaalamu, juu na chini ya ufizi.

Mjamzito hutokwa na damu ya fizi kirahisi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Hiyo si sababu ya kukaa nayo miezi tisa. Kusafishwa meno ukiwa na mimba ni salama, mwambie tu daktari una mimba ya miezi mingapi. Na mwenye kisukari ajue kwamba fizi mbovu na sukari ya juu huchocheana.

Karafuu je? Sisi tunazo za kuanika.

Karafuu ni dawa ya kweli, ila watu huituma kazi isiyo yake. Ndani yake mna yujenoli, mafuta yanayoua baadhi ya bakteria na kuzima maumivu. Ile harufu ya karafuu unayokutana nayo kwenye chumba cha daktari wa meno si marashi: yujenoli huchanganywa na oksaidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda cha jino. Kwa hiyo mzee wa Wete anayeweka punje moja shavuni baada ya kula hajakosea. Punje moja au mbili, itafune kidogo tu ilainike, ikae, kisha iteme. Pumzi itakuwa nzuri kwa muda.

Kwa muda. Kama nyuma yake kuna jino lililooza au ukoga wa miaka kumi, karafuu inafunika tu, na baada ya saa moja harufu mbili zinatoka pamoja, ambayo ni mbaya zaidi kuliko moja. Tena kwa kuwa inatia ganzi, inaweza kukunyamazishia jino linalooza mpaka likafika kwenye mzizi.

Mafuta ya karafuu ni jambo jengine. Yale yanayotolewa kwenye makonyo pale kiwandani Wawi ni makali mno kuwekwa kinywani kama yalivyo. Yanaunguza ufizi na kuacha kidonda cheupe. Mtoto mdogo asipewe kabisa, kwani akiyameza yanaweza kumdhuru ini. Chupa iwekwe juu.

Iliki nayo hufanya kazi kama ya karafuu kwa upole zaidi: tafuna mbegu, tema maganda. Mdalasini na tangawizi ni vizuri kwenye chai, ila chai ikiwa na vijiko vinne vya sukari umewalisha wale wale bakteria unaowafukuza.

Mswaki wa mti unatosha bila ya dawa ya meno?

Msuwaki wenyewe, ule wa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, una nyuzi nzuri na vitu vya asili vinavyopunguza bakteria. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1986 kwamba utumike pale ulipo desturi. Anayejua kuutumia anaweza kuwa na meno safi kuliko mwenye mswaki wa dukani.

Wengi lakini hawajui kuutumia. Huutia mdomoni wakati wa kwenda msikitini, wakasugua meno manne ya mbele huku wanaamkiana na watu. Menya gome la ncha, kadiri ya upana wa kucha, tafuna mpaka nyuzi zifunguke, sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na ufike kwenye magego. Nyuzi zikishachakaa kata, fungua ncha mpya. Kisha usiku tumia dawa ya meno yenye floraidi, kwa sababu floraidi ndiyo kinga ya kuoza. Hakuna ugomvi kati ya viwili hivi.

Ramadhani mdomo wangu hauvumiliki. Nifanye nini bila ya kuharibu funga?

Aliyefunga hatafuni wala hanywi, mate hupungua, kinywa hukauka, na ikifika alasiri harufu imepanda. Ni kawaida. Imepokewa katika hadithi kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ni nzuri zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski. Hiyo ni fadhila ya funga, wala si ruhusa ya kulala baada ya futari na daku bila ya kusafisha meno.

Kuhusu mswaki mchana: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, ni makruhu kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wasiouona ukaraha huo. Ukitaka ufafanuzi muulize sheikh wako. Kwa upande wa meno, hata anayeshika kauli ya Shafi ana nafasi ya kutosha ikiwa atautumia usiku vizuri.

Baada ya daku, kabla ya alfajiri, piga mswaki kamili, uzi, na ulimi. Watu huacha hapa kwa sababu ya usingizi, na hapa ndipo mchana wote unapoamuliwa. Kabla ya adhuhuri unaweza kurudia kwa mswaki mkavu au wa mti. Wakati wa kutia udhu sukutua kwa kiasi, bila ya kupitiliza maji. Usiku, kati ya futari na daku, kunywa maji kidogo kidogo badala ya jagi moja kwa mpigo. Daku isiwe na ng'onda wala vitu vya chumvi nyingi. Na baada ya tende, ambazo huganda kwenye magego, sukutua.

Kitunguu thomu kinaondoka lini?

Hiki ni kisa kimoja ambacho mswaki haukishindi. Thomu ukishaila, gesi moja ya salfa huingia kwenye damu, ikafika mapafuni, ukawa unaipumua nje. Inaweza kukaa mpaka kesho yake. Maziwa pamoja na chakula hupunguza, epo bichi au majani ya nanaa hupunguza, lakini hakuna kinachofuta yote. Mtume (S.A.W.) aliwataka waliokula thomu au kitunguu wasiukaribie msikiti, na sababu utaielewa ukisimama safu moja na mtu aliyetoka kula mishkaki ya chatne. Kama una harusi au usaili wa kazi kesho, leo usile thomu mbichi. Iliyopikwa hadi ikalainika ni nafuu.

Papa na ng'onda hukaa mdomoni zaidi kuliko kwenye damu, kwa hiyo hao mswaki unawaweza.

Tambuu, ugoro na sigara?

Tambuu husifiwa kwamba inanukisha kinywa. Kwa nusu saa, kweli. Lakini popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, imeorodheshwa tangu 2004 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kabla ya saratani huja kukakamaa kwa mashavu hadi mtu hawezi kufungua mdomo akala andazi. Sigara na ugoro hukausha kinywa, huharibu fizi, tena sigara huficha damu ya fizi ili usijue. Hapa sina cha kukupunguzia: acha.

Kidonda au doa jeupe au jekundu kinywani lisilopona ndani ya wiki mbili lionwe na daktari, kwa mtafunaji na kwa asiyetafuna.

Dawa za kusukutua za madukani zina faida?

Kidogo, zikija baada ya mswaki na ulimi, si badala yake. Inafaa ujue zilivyoanza: Listerine ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 kama dawa ya kuua vijidudu, na ni matangazo ya miaka ya 1920 yaliyowatia watu hofu ya kunuka mdomo ndiyo yaliyoifanya iuzike. Hofu ile ingali inauza.

Zenye spiriti hukausha kinywa cha baadhi ya watu; zisizo na spiriti zipo, soma chupa. Yenye klorheksidini ni dawa hasa, huandikwa kwa ugonjwa wa fizi. Usiitumie zaidi ya wiki mbili bila ya kuambiwa, kwani hupaka meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Chumvi nusu kijiko cha chai ndani ya glasi ya maji ya vuguvugu husaidia fizi zilizovimba, na bei yake unaijua.

Mkaa, mchanga, ndimu?

Hapana. Mkaa na mchanga hukwangua gamba la jino, ndimu huliyeyusha, na gamba halioti tena.

Mtoto wangu wa miaka minne ananuka mdomo.

Tazama kwanza kama analala mdomo wazi na kukoroma, na kama kuna jino lenye tundu. Kisha tazama pua. Harufu kali inayotoka upande mmoja wa pua, pamoja na kamasi chafu upande huo huo, mara nyingi ni shanga, mbegu au kipande cha sponji alichojitia mwenyewe. Usijaribu kukitoa kwa kibanio, utakisukuma ndani. Mpeleke kituo cha afya.

Dawa ya meno kwa mtoto chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha punje ya mbaazi. Mzazi ndiye apige mswaki mpaka mtoto awe na miaka saba hivi. Chupa ya maziwa au ya juisi isilale naye.

Jambo la haraka: mtoto dhaifu, khasa aliyetoka kuugua surua, akianza ghafla kunuka mdomo vibaya, fizi zinauma na kutoka damu, shavu linavimba, mpeleke siku hiyo hiyo. Huenda ni mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula uso, uliotiwa kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa Desemba 2023. Ukiwahiwa unatibika.

Bibi ana meno ya bandia.

Yatolewe usiku, yasuguliwe kwa mswaki na sabuni ya kawaida, yalazwe kwenye maji ya baridi. Maji ya moto huyapinda. Fizi na ulimi wake pia visafishwe kwa kitambaa laini.

Nakohoa vijiwe vyeupe vinavyonuka. Ni nini?

Ni mabaki yaliyoganda kwenye mashimo ya tezi za koo, zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mafindofindo. Vidogo kama punje ya mchele, laini, ukikibonyeza kimoja kinanuka kuliko ukubwa wake. Havina hatari. Sukutua koo kwa maji ya chumvi baada ya kula. Usivichokoe kwa kijiti. Vikirudi kila wiki muone daktari wa koo.

Ni lini harufu ni dalili ya ugonjwa mwengine?

Harufu ya matunda yaliyoiva mno, au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa mtu mwenye kiu kali, anayekojoa sana, anayetapika na kuhema haraka, ni dharura ya kisukari. Usingoje asubuhi. Harufu ya mkojo huweza kutokana na figo zilizoshindwa kazi. Makamasi mazito yanayoshuka kooni kwa wiki nyingi ni tatizo la pua. Makohozi yenye uvundo pamoja na homa yanatoka mapafuni.

Dawa nazo hukausha kinywa: baadhi za presha, za mzio, za mfadhaiko. Usiache kuzinywa. Mwambie aliyekuandikia, na wewe zidisha maji, au tafuna bigijii isiyo na sukari ili mate yatoke.

Nimwambieje mume wangu?

Si kwa kanga. Najua mtu anaweza kupata jina la kanga linalofaa kabisa, lakini fumbo la namna hii likifahamika halisahauliki, na lisipofahamika umepoteza pesa.

Mwambie mkiwa wawili, asiwe na njaa wala hasira, na uanzie kwenye afya: "Baba Salma, naona ukipiga mswaki unatema damu. Tufuatane Jumatatu tukaonane na daktari, na mimi nisafishwe." Ile "na mimi" ndiyo inayolainisha. Mnunulie mswaki mpya na wako mpya, viwili vya rangi tofauti.

Kwa mkwe au mzee, mpitishie mtu wa rika lake. Kwa rafiki, sema mara moja, waziwazi, kisha badilisha mazungumzo. Kumpa peremende kila mkikutana ni ukatili: atafahamu, ila atafahamu peke yake njiani akirudi nyumbani.

Wapo pia wanaoamini wananuka na hawanuki. Mtu akigusa pua au akifungua dirisha la gari ya shamba, wao huona ni kwa sababu yao. Kama watu wawili wa kweli na daktari wamekwambia hunuki, na bado huwezi kukaa barazani na wenzako, tatizo ni wasiwasi, nao una tiba yake. Lizungumze hilo na daktari kwa jina hilo.

Nimefanya yote kwa mwezi mzima. Sasa niende wapi?

Unguja, kitengo cha meno cha Hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya wilaya, uulize siku za daktari wa meno kabla ya kupanda gari.

Atapima kina cha mifuko ya fizi kwa kijiti chembamba chenye alama, haiumi sana. Ukiambiwa ung'oe jino, uliza kama linaweza kuzibwa. Mara nyengine linaweza, na swali hilo haliulizwi vya kutosha. Ukikwanguliwa ukoga, fizi zitauma siku mbili tatu na meno yatasikia baridi, halafu hutulia.

Nenda na majina ya dawa zote unazotumia, au vifuko vyake. Siku mbili kabla usile thomu. Asubuhi ile usitafune karafuu, usisukutue kwa dawa, wala usifukize nguo kwa udi: daktari anatakiwa aipate harufu yenyewe.